Mwezi Wangu Bado

Jumatatu, 18 Agosti

Redio yangu imeishiwa betri na dukani wananiambia nisubiri gari la kutoka Mpanda. Basi jioni hizi, badala ya kusikiliza watu wa mbali wakiongea, nitaandika ya hapa Kasekese. Na yapo ya kuandika.

La kwanza ni ng'ombe wa Machibya. Wameingia tena kwenye bustani yangu nyuma ya nyumba za walimu. Wamemaliza matembele, wamekanyaga nyanya, na dume lile jeupe lenye pembe ndefu lilikuwa bado linatafuna nilipotoka na fimbo. Likaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake. Sisi watu wa Mpimbwe tunazaliwa na kinyongo na ng'ombe. Kwetu ukisikia kengele ya ng'ombe unaacha chakula na kukimbilia mpunga. Nilipohamishiwa huku nilidhani nitapumzika. Wapi.

Jioni Machibya mwenyewe alikuja kuomba radhi. Ni Msukuma mrefu, mpole wa maneno, blanketi begani hata jua likiwaka. Alileta kibuyu cha maziwa. Nilikipokea shingo upande, nikamjibu kwa mkato, na alipoondoka nikayanywa yote. Binti yake Nyanzala yuko darasani kwangu, darasa la nne. Ni mtoto mkimya ambaye mikono yake haikosi udongo.

La pili ni mwezi. Leo tumeanza mada hiyo kwenye Sayansi. Niliwauliza kwa nini mwezi hubadilika sura. Agape, ambaye ana jibu la kila kitu, alisema ni kivuli cha dunia kinaufunika, kaka yake aliye darasa la saba kamwambia. Mwingine akasema unazeeka na kufa, halafu unazaliwa mpya. Darasa likagawanyika kama mashabiki wa mpira. Nikawaambia tusibishane juu ya kitu ambacho kipo pale juu kwa kila mtu, tukiangalie. Siku hizi unakwisha, unatoka alfajiri watoto wamelala. Ukiandama, kila mmoja atautazama jioni akiwa kwao, na asubuhi kila dawati litachora kwenye ukuta wa nyuma wa darasa. Watachora mduara kwa mkaa, na sehemu inayowaka wataijaza chaki.

Jumatano, 20 Agosti

Mwalimu mkuu, Aloyce, ameona nimepiga mistari ya kila dawati ukutani. Ameuliza mkaguzi akija tutasema nini. Nimemwambia tutasema ni zana ya kufundishia. Amesema ukuta nitaupaka rangi mwenyewe.

Jumatatu, 25 Agosti

Umeandama. Jana jioni ulionekana mwembamba upande jua linakozama, na leo watoto wameingia wakigombania chaki. Nilipogeuka kuangalia kazi yao nikapandwa na hasira. Dawati baada ya dawati wameulaza mwezi chali, ncha mbili juu, wakati kitabu kinauonyesha umesimama. Nikapita na chaki nyekundu nikakosoa ukuta mzima, na maneno juu yake.

Jioni nilitoka kuanua nguo. Mwezi ulikuwa pale, umelala chali, ncha mbili juu. Nimeuona mwezi mchanga maisha yangu yote, kwetu Mpimbwe na hapa, lakini nikishaingia darasani naamini kitabu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimewaambia watoto kwamba mimi ndiye niliyekosea. Walifurahi kupita kiasi. Nimewaeleza kuwa aliyechora kile kitabu huenda anaishi mbali sana na ikweta, na huko mwezi mchanga husimama. Kwetu hulala. Nyanzala, bila kunyoosha mkono, akasema ni pembe za dume lao jeupe. Darasa zima likacheka na mimi nikacheka, ingawa dume hilo na mimi bado tuna kesi.

Ijumaa, 29 Agosti

Kuna tatizo kwenye dawati la Agape na Nyanzala. Kwa wengine wote mwezi unanenepa siku hadi siku. Wao bado wana pembe. Agape ananiapia kwamba yeye anachora sawasawa, ila akigeuka tu, Nyanzala anafuta kwa kiganja na kuuchora upya, mwembamba kama wa juzi. Nimemwambia Nyanzala awe makini. Ameitika ndiyo madamu, kama anavyoitika kila kitu.

Jumamosi, 30 Agosti

Upepo na moshi, watu wanachoma mashamba. Nimeanika shuka nyeupe, nimeanua ya kijivu.

Jumatatu, 1 Septemba

Leo nimefundisha vizuri na sioni aibu kujisifu hapa.

Wiki iliyopita kila mtoto alifinyanga donge la udongo, akalikausha, akalipaka majivu na kulichomeka kwenye kijiti. Leo saa kumi jua lilikuwa limeshaelekea magharibi, na mwezi umeshatoka mashariki, mweupe mchana kweupe, umezidi nusu kidogo. Wapo walioshangaa kuuona mchana, kana kwamba umetoroka mahali. Nikawatoa wote uwanjani. Nikawaambia kila mmoja anyooshe mkono na kuliweka donge lake upande ule ule mwezi ulipo, kisha aangalie mwanga wa jua umelipataje.

Kila donge lilikuwa limewaka zaidi ya nusu kidogo, sawasawa na mwezi wenyewe uliokuwa juu yake. Nikawaambia wageuke taratibu na madonge yao. Walipoyasogeza upande wa jua, sehemu inayowaka ikapungua mpaka ikabaki ukingo mwembamba. Walipoyasogeza mbali na jua, ikajaa. Donge ni lile lile, na nusu yake inawaka muda wote, sisi tu ndio tunaiona zaidi au kidogo. Agape akaligeuza lake huku na huku, akauliza kivuli cha dunia kiko wapi. Nikamwambia hakimo. Aliumia, maskini, akasema leo atamweleza kaka yake.

Donge la Nyanzala lilikuwa la mviringo kuliko yote. Nyumbani anafinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu na pembe, kwa hiyo huu ulikuwa mchezo kwake. Nilisimama nyuma yake nikamsikia akiwaelekeza wenzake hapa ni pembe, hapa ni nusu, hapa umejaa, na hakukosea hata mara moja. Sasa niambie, mtoto anayejua hivyo, kwa nini asubuhi ya leo ameuchora mwezi wa siku tatu?

Jumatano, 3 Septemba

Nimemsimamisha Nyanzala mbele ya darasa. Nimemuuliza mwezi wa jana ulikuwaje. Akaangalia miguu yake. Nikarudia swali kwa sauti ile ambayo watoto wanaijua. Mwisho akasema kwa chini sana, "Madamu, mwezi wangu bado."

Darasa likacheka. Nikamwambia mwezi ni mmoja tu, ni wetu wote, hana wa kwake. Machozi yakamtoka, akarudi kukaa. Niliendelea na somo lakini sikujisikia vizuri siku nzima, na hata sasa ugali umepoa mbele yangu.

Alhamisi, 4 Septemba

Wakati wa mapumziko Agape alinifuata ofisini peke yake. Alizunguka kwanza, akauliza habari ya kuku wangu, kisha akasema, "Madamu, usimpige Nyanzala. Baba yake kasema wanahama mwezi ukijaa."

Nilikaa kwenye kiti. Mtoto wa watu alikuwa anauzuia mwezi kwa kiganja, na mimi nikamwita mbele ya wenzake achekwe.

Jioni nilikwenda kwa Machibya. Ni mwendo kidogo kupita mashamba yaliyovunwa. Mama Nyanzala aliniwekea kigoda na kunikaribisha maziwa, na Nyanzala aliponiona alijificha nyuma ya ghala. Nilimweleza Machibya kwamba mwishoni mwa Oktoba kuna upimaji wa darasa la nne, na asiyeufanya hapandi darasa la tano. Nikamwambia niachie mimi mtoto, nina vyumba viwili, mwanangu Melkior yuko Sumbawanga na chumba chake kinalala kuku.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza ya kwake. Majani yamekwisha, maji ni ya kugombania. Mdogo wake Lyamba ana kambi bondeni kule Rukwa, upande wa kwetu Mpimbwe, kwenye majani, na shule iko mbali na kambi. Ng'ombe wana ndama wachanga, hawawezi kutembea kwenye jua la Septemba, watatembea kwenye mbalamwezi. Ndiyo sababu anasubiri ujae.

"Mwalimu, ng'ombe hawajui mtihani," alisema. "Na mtoto wa kike simwachi kwa watu."

Hakusema kwa ukali. Nilirudi nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba sikuona ubaya wake. Ningekuwa na ndama na binti, labda ningesema hivyo hivyo. Mwezi utajaa Jumapili.

Ijumaa, 5 Septemba

Shule imefungwa kwa siku chache kupisha mtihani wa darasa la saba. Nyanzala alitoka wa mwisho. Sikumwambia kitu cha maana, nilimwambia asalimie nyumbani.

Jumamosi, 6 Septemba

Sikutoka nje jioni. Najua ulivyo.

Jumatatu, 8 Septemba

Jana sikuandika. Naandika leo asubuhi, chai iko pembeni, na kuna mtu amelala chumba cha Melkior. Nianze mwanzo.

Jana baada ya misa sikufanya kazi yoyote ya maana. Jua lilipozama nilikaa uani nachambua maharage, masikio yangu yakisubiri kengele za ng'ombe. Mwezi ukachomoza nyuma ya darasa, mkubwa, mzima, hauna hata kovu. Nikasema haya, umeshinda.

Maharage hayajaisha, nikaona ukingo wake mmoja umeingia giza. Nilidhani ni moshi. Nikafuta macho kwa khanga. Giza likaongezeka, mwezi ukawa kama chapati iliyong'atwa. Kule kijijini watu wakaanza kuitana, mtu akapiga debe, mbwa wakaitikia. Na mimi, mwalimu wa mwezi, nikashika rozari kabla sijakumbuka chochote nilichosoma. Ndipo ikanijia kwamba ni kupatwa. Redio ingekuwa na betri bila shaka ningejua mapema.

Nikiwa bado nimesimama pale, nikasikia chaki inakwaruza. Sauti ilitoka darasani kwangu. Mlango wa darasa lile ulikatika bawaba tangu mwaka jana, anayetaka anaingia. Nikachukua simu yangu ya tochi nikaenda.

Alikuwa Nyanzala. Amesimama kwa ncha za vidole mbele ya ukuta wa nyuma, anaijaza chaki miduara ya dawati lake, mmoja baada ya mwingine, yote kuwa mwezi mpevu. Uso mweupe, mikono myeupe, analia bila sauti. Nikamuuliza anafanya nini.

"Naurudisha, madamu," alisema. "Nilikuwa naupunguza kila siku. Sasa unakwisha kweli."

Nimefundisha miaka mingi na nimeambiwa mengi na watoto, lakini hili sijawahi kuambiwa. Alikuwa amekimbia kutoka kwao, peke yake, gizani, kuurudisha mwezi ule ule ambao ukikamilika unamchukua. Nilimkumbatia na chaki yake yote nikamwambia hajaharibu kitu. Hakunisikia. Alinyoosha mkono kutokea kifuani kwangu akimalizia mduara.

Hapo Machibya akaingia na tochi kubwa, anahema. Alikuwa amemtafuta kila nyumba ya ndugu zake. Sikumsalimia. Nilimwambia asimame pale mlangoni, tochi yake ielekeze kwetu, na asiitikise. Akatii. Nikachukua donge la udongo dirishani nikampa binti yake, nikamgeuza, mgongo kwa tochi.

Nilimwambia tochi ya baba ni jua, kichwa chako ni dunia, donge ni mwezi. Nyoosha mkono, liinue juu kidogo ya kichwa. Donge likawaka lote. Nikamwambia huo ndio mwezi mpevu, dunia iko katikati lakini kivuli chake hakiufikii, kwa sababu kwa kawaida mwezi hupita juu ya kivuli kidogo au chini yake kidogo. Sasa literemshe polepole. Akaliteremsha. Kivuli cha kichwa chake kikapanda juu ya donge, kikalimeza. Nikamwambia usisimame, lipitishe liende. Akalisogeza, na upande wa pili likaanza kuwaka tena.

Alifanya hivyo mara nyingi. Kuingia, kutoka. Kuingia, kutoka. Kila mara kifua chake kilishuka kidogo. Mwisho akaniuliza kama na ule wa nje utatoka.

"Utatoka wenyewe," nikamwambia. "Hata usipochora."

Nilikuwa nimemsahau Machibya. Alipoishusha tochi mwanga ukaangukia ukutani, akaona ile mistari. Hajasoma, lakini ukuta ule hauhitaji mtu aliyesoma. Alitembea nao dawati kwa dawati, mwezi ukianza pembe, ukifika nusu, ukinenepa. Akafika kwenye mstari mmoja wenye alama za kiganja, ambao chini ya chaki mpya unaona bado pembe, pembe, pembe. Akauliza ni wa nani. Nilimwambia. Akaiacha tochi imeelekea pale pale.

"Mtoto huyu mwezi anaujua tangu hajavaa sare," alisema. "Nilimfundisha mimi, tukiwa na ng'ombe. Hawezi kukosea."

Nikamwambia hakukosea.

Tulitoka tukakaa watatu kwenye ngazi ya darasa. Mwezi ulikuwa mwekundu wa kutu, unaonekana lakini hautoi mwanga. Nyanzala alieleza baba yake mambo yote tangu mwanzo, donge mkononi, na baba yake aliuliza maswali mazuri kuliko ya Agape. Aliuliza kama hicho ni kivuli chetu hasa, sisi tuliokaa hapa. Nilimwambia ni chetu sote, na ng'ombe wake wamo. Alicheka, na mimi nikagundua sijawahi kumsikia akicheka.

Ukingo ulipoanza kung'aa Nyanzala alikuwa wa kwanza kuuona. Ulipofika nusu, Machibya akaongea bila kunitazama.

"Nilisema simwachi kwa watu."

Nikamwambia ndiyo, ulisema.

"Nimemtafuta kwa ndugu zangu wote. Nimemkuta kwako."

Basi ikawa hivyo. Huu uishe, ujae mwingine, uishe na huo, ukijaa tena anakuja kumchukua akamwone mama yake na wadogo zake. Mvua zikitulia watarudi kulima, na akifaulu ataingia darasa la tano hapa hapa. Mama Nyanzala alileta mkeka na kibuyu, akamshika mtoto mashavu, akanishika na mimi mikono yote miwili. Mwezi ukakamilika, ng'ombe wakatoka. Walipita mbele ya nyumba yangu, na dume jeupe likageuza kichwa kuelekea matembele yaliyoanza kuchipua upya. Nililiacha lichume ya njiani.

Jumatatu, 15 Septemba

Shule imefunguliwa. Nilimpigia simu kaka yangu Gabrieli kule Mpimbwe, nikamwambia kuna ng'ombe wa Machibya wanakuja upande wake, mwenyewe ni mtu wangu, asianze na maneno. Akaniuliza mara mbili kama nimesema ng'ombe.

Jumamosi, 20 Septemba

Kuku wamehamishwa. Hawajafurahi. Nyanzala amefinyanga jogoo wangu kwa udongo na amempa pembe.

Jumatatu, 22 Septemba

Mwezi hauonekani. Mwingine utaandama kesho au keshokutwa. Nyanzala anachora sawasawa siku hizi, na Agape amekosa la kulalamikia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nyanzala alipatwa na homa. Malaria, dawa tumepata zahanati. Nimekaa naye siku mbili, nikiliachia darasa kazi ubaoni. Aloyce alipita kumwona na akajifanya amekuja kuuliza chaki.

Jumanne, 7 Oktoba

Umejaa. Tulikaa uani tukala mahindi ya kuchoma. Nilimwambia huu si wa baba yake, ni ule mwingine. Akasema anajua.

Jumapili, 12 Oktoba

Gabrieli amepiga. Anasema kuna Msukuma mrefu wa blanketi amezungusha ng'ombe zake mbali kabisa na bustani ya vitunguu, akaja mwenyewe kusalimia na maziwa, akajitambulisha kama ndugu wa dada yake. Gabrieli anataka kujua tangu lini tuna ndugu Wasukuma. Nimemwambia tangu mwezi ulipopatwa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Upimaji umekwisha, jana na leo. Wametoka wanakimbia. Swali la mwezi halikutoka na Agape amekasirika kabisa, alikuwa amejiandaa. Nyanzala anasema hesabu zilikuwa ngumu lakini amejaza zote. Usiku wa giza tena, tukaingia ndani mapema.

Jumamosi, 25 Oktoba

Pembe, upande wa magharibi. Nyanzala ndiye aliyeniita nitoke. Alipiga makofi kidogo, kwa sababu huu ndio wa kwenda kumwona mama. Na mimi nikapiga makofi.

Jumatano, 29 Oktoba

Nusu.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua ya kwanza, kubwa, ikavuja chumba cha Melkior. Mkeka wa Nyanzala umehamia kwangu. Anaongea usingizini kwa Kisukuma na kuna maneno naanza kuyaelewa. Nimemwambia Aloyce ukuta wa nyuma tusiupake rangi kwanza, tusubiri Januari.

Jumanne, 4 Novemba

Mawingu siku nzima, hata jioni. Nimeyashukuru, ni upuuzi, najua.

Jumatano, 5 Novemba

Asubuhi nilimsuka. Mchana nilikaanga karanga za njiani, na za mama yake nikafunga pembeni. Nilimfulia sare nikaikunja na kuiweka kabatini kwangu, wala si kwenye mfuko wake, kwa sababu itahitajika hapa. Nilifanya kila kitu polepole na bado jioni ikafika.

Mawingu yalikuwa yameondoka. Nyanzala alikuwa ndani akikunja mkeka, mimi niko uani nimesimama. Akaniuliza kwa sauti kutoka ndani, madamu, mwezi ukoje?

Ulikuwa umechomoza juu ya paa la darasa, mviringo mtupu, unaweza kuhesabu majani ya matembele kwa mwanga wake.

"Wangu bado," nikamwambia.

Akatoka na mkeka kwapani, akautazama mwezi, akanitazama mimi, akaja akasimama karibu kabisa mpaka bega lake likanigusa. Nilimpenda mtoto huyu wakati ule kuliko ninavyoweza kuandika.

"Madamu," akasema, "mimi kwa mwezi kama huo ulinisimamisha mbele."

Tulicheka wote wawili, halafu mimi nikaacha kucheka. Akaushika mkono wangu akauinua juu, kiganja wazi, akauweka mbele ya uso wangu mpaka mwezi ukajificha nyuma yake. Tulikuwa bado tumesimama hivyo Machibya alipopiga hodi, na nilichelewa kumkaribisha.